Kiapo saa kumi na moja Paje, mwezi mpevu: maji yatakuwa wapi?

SWALI: Shikamoo dada. Mimi na mchumba wangu tunaishi Tabata, Dar es Salaam. Tumechagua kufunga ndoa ufukweni Paje, Unguja, Jumamosi tarehe 29 Agosti 2026, maana tumeona mwezi utakuwa mpevu. Kiapo saa kumi na moja jioni mchangani, wageni 120, kisha chakula hapohapo. Hoteli inasema hakuna tatizo. Shemeji yangu aliyekulia Makunduchi anasema tutafunga ndoa ndani ya maji. Tumsikilize nani?

JIBU: Marahaba. Msikilizeni shemeji.

Mwezi ukiwa mpevu, na vilevile ukiwa mwandamo, tunapata maji ya bamvua: yanajaa sana na kupwa sana. Tofauti kati ya kujaa na kupwa hapa kwetu hufika mita tatu na nusu, pengine karibu nne. Na bamvua ya Unguja ina saa zake. Maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa kwenye saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika arobaini, hamsini hivi. Mwezi utapevuka Ijumaa tarehe 28, kwa hiyo Jumamosi yenu maji yatajaa kati ya saa kumi na nusu na saa kumi na moja. Mchungaji akifungua kitabu, bahari nayo imeshawasili.

Hoteli haikuwadanganya, ila imejibu swali jingine. Mtu wa mapokezi ukimuuliza kama harusi ufukweni inawezekana, atakwambia inawezekana. Muulizeni hivi: tarehe 29 saa kumi na moja jioni, kutoka ukuta wenu hadi maji kutakuwa na hatua ngapi za mchanga mkavu?

Nasema hivi kwa sababu yalinikuta. Mwaka wangu wa kwanza kwenye kazi hii ya kuandaa harusi nilipanga viti themanini, vitambaa vyeupe, utepe mgongoni, saa nane mchana. Akapita mama mmoja mkulima wa mwani, kanga imefungwa kiunoni, akasimama akavitazama. "Mwanangu, hivyo viti leo vitaogelea." Nikacheka. Saa kumi kasorobo tulikuwa tunavibeba wote, pamoja na mpiga picha na baba wa bwana harusi. Tangu hapo sipangi kitu mwambao wa mashariki bila kuwauliza akina mama wa mwani. Wao wanaingia shambani maji yakipwa, kalenda ya bahari wanayo kichwani.

Sasa, tarehe msiibadilishe. Geuzeni mpangilio. Kiapo kifanyike juu, bustanini kwa hoteli, kwenye minazi, saa kumi na moja kasorobo. Bahari itakuwa imejaa nyuma yenu, na ile rangi ya kijani mliyoiona kwenye picha ni ya maji yaliyojaa. Maji yakipwa Paje mnatazama mchanga, vigingi vya mwani na maji ya magotini mpaka kwenye mwamba. Jua halitawasumbua machoni, kwa kuwa Paje inatazama mashariki na jua linazama nyuma ya minazi. Wanaotaka jua lizame baharini waende Kendwa au Nungwi upande wa magharibi, ambako pia maji hayakimbii mbali hivyo.

Mmalize kabla ya saa kumi na mbili na dakika ishirini. Hapo ndipo adhana ya magharibi, na Paje ni kijiji cha Waislamu; spika zizimwe, wageni wenu Waislamu nao wapate nafasi ya kuswali. Tena mwezi wenyewe huo ni Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi. Kabla ya kulipia bendi, hoteli iende kwa sheha, kiongozi wa eneo, iulize kama usiku huo kuna maulidi kijijini.

Chakula ndicho kishuke mchangani, saa mbili usiku. Nusu ya maji itakuwa imeondoka, na mwezi utakuwa umeshachomoza kutoka baharini, kati ya saa moja na saa moja na nusu. Mchanga ulioachwa na maji ni mgumu, miguu ya viti haizami kama kwenye mchanga mkavu. Ila una unyevu: msitandike majamvi wala mazulia, na nyaya za taa zipite juu, zifungwe minazini. Bibi mwenye magoti mabovu apewe meza ya karibu na ngazi.

Upande wa pili wa saa msiusahau. Saa nane usiku maji yatakuwa yamesharudi nusu. Saa saba muziki uhamie juu, meza ziondolewe.

Upepo: mwisho wa Agosti kusi bado anavuma, na Paje ndipo wanapokuja watu wa kaiti, wanaoteleza juu ya maji wakivutwa na tiara, kwa ajili yake. Tao la maua likandamizwe kwa viroba vya mchanga, viwili kila mguu. Shela ndefu nawaachia wenyewe muamue. Wazee msiwapandishe boti ya asubuhi ya siku hiyohiyo. Waje Alhamisi au Ijumaa, walale.

Mkitaka kweli kiapo kiwe mchangani, rudini Jumamosi moja nyuma, tarehe 22. Siku hiyo maji yanajaa mchana, jioni yanapwa, mchanga upo wa kutosha. Mwezi haujapevuka, lakini jua likizama utakuwa tayari uko juu angani.

Mkiangalia jedwali la maji mtandaoni, tafuteni la Zanzibar na mkague saa. Baadhi ya majedwali yanatumia saa za Greenwich, yaani mnaongeza saa tatu. Mkiona 13:50, ni saa kumi na dakika hamsini jioni. Na wapanga meza waambiwe waanze saa moja na nusu, hata wakilalamika kwamba wamechelewa.