Jibu kwa aliyeuliza: nikate king'amuzi nibaki na aplikesheni?

Assalaam alaykum ndugu yangu. Umesema ada ya aplikesheni ya kutazamia televisheni kwa intaneti ni ndogo kuliko kifurushi cha king'amuzi, kwa hiyo unataka kuliteremsha dishi. Mimi niliteremsha langu, hapa Wete, Pemba, na baada ya miezi minne nikalipandisha tena.

Kosa langu lilikuwa kuitazama ada bila kulitazama bando. Netflix wenyewe wanaeleza kuwa picha ya kawaida inakula hadi GB 1 kwa saa, na ile kali ya HD hadi GB 3. Sasa hesabu mpira wa saa mbili. Ukiuangalia kwa HD, GB 6 zimekwenda, na bado watoto hawajagusa katuni zao. Mwezi wa kwanza nilinunua bando mara tano, nikadhani simu imeingia virusi.

Sababu ni hii. Setilaiti inamwaga mawimbi yale yale kwa kila dishi: tukitazama kumi au milioni, hakuna anayekatwa bando. Mtandaoni kila mtazamaji anapelekewa picha yake peke yake, na njia hiyo unailipia wewe. Pia picha hukatwa vipande vya sekunde chache, vikusanywe kwanza ndipo vionekane, ndiyo maana mpira wa moja kwa moja huchelewa. Jirani mwenye dishi alikuwa akishangilia bao, kwangu mpira uko katikati ya uwanja. Hilo liliniuma kuliko pesa, maana wanangu waliacha kukaa nami sebuleni wakahamia kwake.

Kampuni za televisheni hazikuhamia mtandaoni kwa kutuonea huruma. HBO, chaneli ya filamu ya Marekani, tangu 1972 ilikuwa ikiuzwa kupitia kampuni za kebo, yaani televisheni ya waya. Mwaka 2015 ikafungua HBO Now, mtu akajiunga bila kebo kwa dola 14.99 kwa mwezi. Kwa hatua hiyo mteja hakulazimika tena kununua kifurushi cha kebo kwanza. MultiChoice, wenye DStv, nao walianzisha aplikesheni ya Showmax mwaka huo huo wa 2015, wakaiunda upya 2024 kwa mitambo ya Peacock, aplikesheni ya Marekani. Lakini kule Marekani nyumba nyingi zina intaneti ya waya inayolipiwa kwa mwezi. Sisi wengi tunapima kwa GB.

Sikwambii uiache aplikesheni. Masika mvua ikishuka kwa nguvu, dishi huweza kupoteza mawimbi kabisa, na umeme ukikatika king'amuzi ni sanduku tu, ila simu yenye chaji inaendelea. Tamthilia naitazama humo mpaka leo, lakini naipakua usiku kwa bando la usiku, ubora wa chini, tunaitazama kesho yake baada ya isha bila kugusa data. Mama yangu amezoea hivyo, nampa simu na spika ndogo. Mpira na taarifa ya habari nimeviacha kwa dishi.

Kabla hujapanda juu ya bati, pima kwanza. Ingia kwenye mipangilio ya aplikesheni, weka ubora wa chini, andika salio la bando, tazama mechi moja nzima, kisha andika salio lililobaki. Zilete hapa namba zote mbili pamoja na bei ya bando lako, tukuhesabie mwezi mzima.