Uanzie wapi na filamu za Ufini

Ndugu, umesema ulijaribu filamu moja ya Ufini ukaona waigizaji wamenuna tu, na unauliza kama uendelee. Endelea, ila anza na Kuolleet lehdet (kwa Kiingereza Fallen Leaves) ya mwongozaji Aki Kaurismäki, ya 2023. Ni fupi, dakika 81. Mfanyakazi wa supamaketi na kibarua mlevi wanapendana Helsinki, huku redio ikitangaza vita vya Ukraine. Ule uso mkavu ndio mzaha wenyewe: mtu anatoa kichekesho kana kwamba anasoma risiti. Hisia zimeachiwa nyimbo. Ukiipenda, tafuta yake nyingine, Mies vailla menneisyyttä (The Man Without a Past) ya 2002, iliyompa Kati Outinen tuzo ya mwigizaji bora wa kike kwenye tamasha la filamu la Cannes. Na simu weka mbali, maana maneno ni machache na ukiinama kidogo tu utapitwa.