Panya wanakula na leya wangu, niweke sumu gani?

Swali: Habari daktari. Niko Tororo, nje kidogo ya mji, nina leya (kuku wa mayai) 150 nyuma ya nyumba na vifaranga 40 wa aina ya kuroila kwenye bruda, pale pa taa pa kulelea vifaranga, pembeni. Tangu mwezi uliopita panya wamenishinda. Gunia la chakula la kilo 50 lilikuwa linafika karibu siku tatu, sasa siku mbili na nusu limeisha. Mayai naokota yametobolewa, na juzi vifaranga watano wamepotea usiku mmoja, wawili nimewakuta wametafunwa miguu. Kuna kijana anauza sumu sokoni kwenye vikavera (vifuko vya plastiki) vidogo, anasema panya hata hamalizi kutafuna, anakufa hapo hapo. Nataka niichanganye na mukene, hawa dagaa, niweke mlangoni mwa banda. Kuku watakuwa sawa? Au kuna sumu isiyoua kuku?

Jibu: Dada, pole kwa vifaranga. Hiyo sumu ya kijana usiilete kabisa nyumbani. Sumu halali za panya, zile za kuzuia damu kuganda, zinachukua siku tatu mpaka wiki, panya anakula leo anakufa baadaye huko shimoni. Sasa ukiambiwa anakufa hapo hapo ujue mara nyingi hiyo ni dawa ya wadudu wa shambani, jamii ya kabofurani au aldikabu, mtu ameipima upya kwenye kikavera bila lebo. Inaua panya, inaua kuku, paka, mbwa, na mtoto aliyeokota samaki mlangoni. Na panya hali mezani, anaburuta, mukene mmoja utaukuta kwenye fida, chombo cha kulishia, asubuhi na kuku ndio wa kwanza kuudonoa. Sumu isiyo na hatari kwa kuku hakuna, anayekuuzia kwa jina hilo anakudanganya.

Tuanze na gunia lako maana limeshasema kila kitu. Leya mmoja anakula kama gramu 120 kwa siku, 150 wako ni kilo 18, kwa hiyo gunia la 50 linatakiwa lifike siku mbili na robo tatu hivi. Likiisha siku mbili na nusu unatumia kilo 20, yaani kilo mbili kila siku haziendi kwa kuku. Tuseme nusu inamwagika chini, hiyo kilo moja inayobaki, panya mmoja anakula kama gramu 25, hao ni panya arobaini unaowalisha leyazi mash, chakula cha leya, iliyosawazishwa, wanazaa kila baada ya wiki tatu nne hivi. Dada wewe una mifugo miwili hapo nyuma. Ndio maana hata ungepata sumu nzuri kuliko zote, panya aliyeshiba mash ya bure usiku kucha ataionja ya nini?

Mwaka fulani mteja mmoja Mbale alinilalamikia hivi hivi, nikamwambia tukae na tochi. Saa mbili usiku kuku kimya, tumezima taa, dakika kama ishirini ukasikia mabati yanakwaruza. Nilipowasha tochi walikuwa wanatembea juu ya mbao ya kenchi mmoja nyuma ya mwingine kama watu wanaokwenda sokoni, wanashuka kwa kamba ile ile iliyoning'iniza fida, wanakula, wanarudi njia hiyo hiyo, na mbao ilikuwa na mstari mweusi unang'aa mafuta ya miili yao. Yule bwana alikuwa anaziba mashimo ya chini tu miezi mitatu! Panya wetu wengi wa nyumbani ni hawa weusi wembamba wenye mkia mrefu kuliko mwili, ni wapanda juu, kwa hiyo na wewe usiangalie sakafuni tu, tafuta huo mstari mweusi kwenye mbao na kona za ukuta.

Kwa hiyo cha leo leo jioni: kuku gizani hali, basi giza likiingia fida zote zitoke ndani, chakula kilichobaki kirudi kwenye pipa la chuma lenye kifuniko kinachobana, sio gunia wala ndoo ya plastiki maana plastiki wanatoboa. Maji pia toa urudishe alfajiri mapema. Mayai okota ya mwisho jioni, yasilale. Fida usiijaze mpaka juu, kuku anachota kwa mdomo anamwaga, na kile cha chini ndio kinafuga panya. Vifaranga ndio hawawezi kunyimwa chakula usiku kwa sababu wana taa, wao dawa yao ni bruda iwe sanduku la kweli, pande zote bati, juu kifuniko cha waya wa nusu inchi, na ufanye hiyo kabla ya jua kuzama leo, mengine yatasubiri.

Kuhusu waya, nisikie vizuri. Ule waya wa kuku wa matundu ya pembe sita hauzuii panya. Unazuia kuku kutoka. Panya mdogo anapita bila hata kubana mbavu, mkubwa anaukata. Unaotaka ni ule wa matundu ya mraba ya nusu inchi, dukani wengi wanauita kofitrei, na kama unaona kinyesi kidogo kama punje ya mchele hao ni panya wadogo wa nyumbani, kwao hata nusu inchi ni mlango, tumia robo inchi. Ushushe waya mpaka ardhini kisha uukunje kwenda nje futi moja, ufukie kidogo, akichimba anagonga waya anaacha. Na pale mabati yanapokutana na ukuta, ile nafasi ya mawimbi ya bati, ziba yote. Watu wengi wanaisahau na ndio barabara kuu.

Lakini usianze na kuziba wala kufagia, hapa ndio wengi wanaharibu. Najua una magunia ya maganda ya kahawa yamerundikwa nyuma ya banda, karibu kila mtu anayo, na humo ndio wamezalia. Ukilivuruga hilo rundo leo, panya arobaini wanahamia jikoni kwako usiku huo huo. Kwanza wape njaa kwa kutoa fida, halafu mitego, rundo libaki mwisho.

Mitego nunua ile ya kubana, sio mmoja, kumi na mbili au zaidi. Panya mkubwa anaogopa kitu kigeni, ataukwepa siku kadhaa, sasa weka yote bila kuitega, ipake binyebwa (karanga zilizosagwa) kidogo au funga mukene kwa uzi, wale bure usiku mbili tatu wazoee. Usiku wa nne tega yote pamoja. Mtego ulale kama herufi T na ukuta, upande wa chambo uguse ukuta, maana panya anatembea ubavu umegusa ukuta. Wa juu ufunge kwa waya kwenye ile mbao yenye mstari mweusi. Wa chini ufunike na kasha lenye tundu mbili ili kuku asivunjwe mguu. Gundi mimi siipendi, kwenye vumbi la banda inakuwa kama karatasi kavu siku mbili tu, na kifaranga akinasa utalia. Chambo cha saruji na unga usijisumbue. Paka anasaidia kuwatisha wasirudi, ila panya arobaini hawezi, na vifaranga wako ataonja. Bundi akitua hapo kwako tafadhali msimrushie mawe, huyo anafanya kazi bila mshahara.

Baada ya kama wiki mitego ikianza kulala mitupu ndio usogeze maganda, uyapandishe juu ya mbao, ufyeke majani mita moja kuzunguka banda, uzibe.

Ukiona bado wamekuzidi na lazima sumu, nunua ya bromadioloni, moja ya zile za kuzuia damu kuganda, yenye lebo kwenye duka la dawa za mifugo linaloaminika, ya vipande vigumu yenye tundu katikati, uichome kwenye waya ndani ya boksi lililofungwa nje ya banda, asiweze kuibeba. Kila asubuhi zunguka uokote maiti, kuku wanadonoa panya aliyekufa na sumu inakaa kwenye ini na inaweza kuingia kwenye mayai. Zinki fosfaidi, sumu nyingine ya panya, karibu na kuku hapana, haina dawa ya kuiondoa mwilini.

Maiti usishike mikono mitupu, vaa kavera mkononi, zika chini sana. Kinyesi chao usifagie kikavu, kimwagie maji ya jiki kwanza, na vaa gambuti, mkojo wa panya unaweza kuwa na leptospira, bakteria wa ugonjwa, inaingia kwenye kidonda cha mguu. Halafu salmonela, bakteria mwingine wa ugonjwa: kuku wakiipata panya wanaibeba, unauza leya wazee, unaosha banda, unaingiza kundi jipya, na panya wale wale wanawapa vifaranga wapya ugonjwa wa kundi la zamani. Kwa hiyo utakapouza hawa leya mitego itangulie, usiku chakula kinapoisha bandani ndio wana njaa kuliko wakati wowote.

Wasomaji wangu wa West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, Arua na Zombo huko, ninyi mna la ziada. Mkiona panya wanakufa wenyewe ovyo nyumbani bila sumu msiwaguse, mwambieni VHT, yaani mhudumu wa afya wa kijiji, au kituo cha afya siku hiyo hiyo, tauni huko ipo na viroboto wanaacha panya aliyekufa wanatafuta mtu.

Dada wa Tororo, ukishaziba, kila shimo la ardhini likunjie gazeti ulisokote ndani jioni, asubuhi pita uangalie. Gazeti limekaa, shimo limekufa, lijaze mawe na udongo ushindilie. Limesukumwa nje, weka mitego mitatu hapo usiku huo.