Vifaranga Wameanguliwa: Uwatoe Lini Kwenye Mashine?

Tangu nianze kutotolesha kwa mashine, swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: kifaranga akishatoka kwenye ganda, akae humo ndani saa ngapi? Mimi hutazama manyoya kwanza, ndipo nitazame saa.

Nilijifunza kwa hasara. Siku ya 21 ya mayai yangu ya kwanza nilikaa na kigoda mbele ya mashine tangu alfajiri. Kila kifaranga aliyetoka nilifungua mlango nikamchukua, akiwa bado amelowa. Hadi adhuhuri nilikuwa nimefungua si chini ya mara kumi. Jioni mayai yaliyokuwa yametobolewa yakanyamaza. Nilishika moja: kitundu ukubwa wa punje ya hindi, ncha ya mdomo inaonekana, na ule utando wa ndani umekauka kama karatasi, umemganda kichwani hadi bawani. Alikuwa bado anahema. Siku ile nilipoteza 14 kwa namna hiyo, na uchungu wake ninao mpaka leo.

Siku tatu za mwisho mayai yanahitaji unyevu wa asilimia 65 hadi 70. Ukifungua mlango, unyevu huo unatoka kwa dakika moja, na kuurudisha huchukua muda mrefu. Wewe unamsaidia mmoja aliyetoka, na wenzake waliomo ndani utando unawabana.

Wala hakuna haja ya haraka. Kabla ya kutoka, kifaranga huvuta kiini kilichobaki ndani ya tumbo lake, na hicho kinaweza kumtunza hadi saa 72. Ndiyo maana vifaranga wa siku moja husafirishwa kwenye maboksi, usiku kucha ndani ya basi, wakafika wazima. Hata kuku mwenyewe hukaa kiotani siku moja au mbili akingoja wengine watoke, ndipo anapowaongoza kwenda kula.

Lakini usivute mpaka mwisho. Safari nyingine niliwaacha siku mbili na nusu nikisubiri mayai yaliyochelewa. Nilipowatoa walikuwa wepesi mkononi, miguu imesinyaa, mishipa inaonekana juu ya ngozi. Nyuzi 37.5 pamoja na feni inayozunguka huwakausha, na kadhaa hawakuamka tena.

Sasa nafanya hivi. Siku ya 18 naacha kugeuza mayai, naongeza maji, nafunga. Kifaranga wa kwanza akitoka naandika saa kwa chaki ukutani, kisha naondoka chumbani, maana nikikaa pale mkono utanishinda. Baada ya saa 12 hadi 24, wengi wakiwa wamekauka, nafunga madirisha ya chumba na kuwatoa kwa mkupuo mmoja. Wa kumwangalia vizuri ni yule anayeonekana mkavu: mpapase kisogo, kwa sababu shingo ya nyuma ndiyo hukauka mwisho. Mgeuze uone kitovu. Kikiwa bado kibichi au wazi, mrudishe. Waliobaki nawatoa mara ya pili baada ya saa 12 nyingine.

Bruda, yaani mahali pa kuwalelea vifaranga kwa joto, liwe limewashwa tangu jana yake, maana maranda ya baridi hunyonya joto miguuni. Nataka nyuzi 33 hadi 35 pale chini wanaposimama. Kipimajoto kilichoning'inia juu ya vichwa vyao hakikwambii kitu. Gazeti tupu juu ya maranda silitumii tena, linateleza na miguu inatanuka. Natandika gunia safi. Maji yawe ya uvuguvugu, na kila mmoja namchovya mdomo, hata wakiwa mia.

Kisha nachukua wawili watatu, naweka nyayo zao shavuni mwangu. Zikiwa baridi, naongeza mkaa au nashusha taa, bila kujali kipimajoto kinasema nini. Wakisongamana wanaona baridi. Wakihema midomo wazi wamezidiwa joto.

Usiku ule ule, kabla ya kulala, nawapapasa vifuko vya chakula chini ya shingo, kama ishirini hivi kutoka pembe zote. Kifuko laini kilichojaa, huyo amekula na kunywa. Kikiwa kitupu, namchukua nampeleka mwenyewe kwenye maji.