Jibu: Nani hasa alivumbua cherehani, Howe au Singer?

Ndugu, umeuliza kwa nini Singer alitajirika kwa cherehani ilhali Howe ndiye aliyeivumbua na, kama ulivyosikia, akafa maskini. Hilo la mwisho si kweli.

Elias Howe alipata hataza yake, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, mwaka 1846: sindano yenye tundu karibu na ncha, uzi wa juu ukifungana na wa chini. Wanunuzi hawakujitokeza. Akaenda Uingereza kutafuta soko, akarudi hana kitu, akakuta wenzake Marekani wanauza mashine zenye wazo lilelile. Akashtaki, na mwaka 1854 akamshinda Isaac Singer. Tangu hapo alilipwa kwa kila mashine iliyouzwa, na alipofariki mwaka 1867 alikuwa tajiri mkubwa.

Singer naye hakuwa mwizi tu. Mashine yake ya 1851, yenye sindano inayoshuka wima, ilishona vizuri zaidi.

Ila mtu ninayeona anasahaulika mno ni mshirika wake, mwanasheria Edward Clark. Cherehani iliuzwa zaidi ya dola 100, pesa ambayo familia ya kawaida haikuwa nayo mkononi. Mwaka 1856 Clark akaanza kuikopesha: unatoa dola chache, unaichukua nyumbani, unalipa kila mwezi. Mauzo yakapaa. Mwaka huohuo wenye hataza waliokuwa wakishtakiana, Howe akiwemo, wakaziweka pamoja na kugawana ada. Kwa maoni yangu, mambo hayo mawili ndiyo yaliyojenga biashara ya cherehani.