Hina, kope na vidonge vyekundu: kwa mnaoanza wodi ya uzazi Lamu

Kitakachokuponza kwanza hapa ni hina. Chuoni mlifundishwa kutazama viganja na kucha ili kujua kama mama ana upungufu wa damu. Sasa mama aliyetoka harusini juzi, viganja vimekoza, piko, ile rangi nyeusi, imefika hadi kuchani, utaona weupe gani? Vuta kope la chini. Mwambie atoe ulimi.

Mimi nilijifunza kwa aibu. Aliletwa mama kwa boti kutoka upande wa Pate, amejifungulia nyumbani, leso moja tu imelowa. Presha 110 kwa 70. Mashine ya kidoleni ya kupima oksijeni, asilimia 98. Nikaandika "hali nzuri". Mapigo yalikuwa 126, nikasema ni hofu ya bahari. Nusu saa haikupita: jasho baridi, anaomba maji, presha haisomeki. HB, yaani kipimo cha hemoglobini ya damu, ikatoka 5.

Mtu mzima ana gramu 3 hadi 4 tu za madini ya chuma mwilini, na karibu theluthi mbili zimo kwenye hemoglobini inayobeba oksijeni. Lita ya damu yenye HB 12 hubeba takriban mililita 160 za oksijeni. Yenye HB 6, nusu yake. Mama yule alishaingia leba akiba imekwisha: malaria, minyoo ya safura, mimba za kufuatana, na chai nzito juu ya kila mlo, ambayo huzuia chuma kufyonzwa. Damu ambayo jirani yake angeipoteza akaamka, yeye ilimwingiza kwenye shoku, yaani damu haifiki tena mwilini ya kutosha.

Mashine ya kidoleni haikudanganya. Inapima hemoglobini iliyopo imejaa oksijeni kiasi gani. Haisemi kama ipo ya kutosha. Presha nayo hushuka mwisho, kwa hiyo amini mapigo. Chua mfuko wa uzazi, mpe oksitosini ya kuukaza, weka dripu, lakini dripu hujaza mishipa tu. Punda mia wasio na mzigo hawalishi mji. Agiza damu papo hapo, maana mchangiaji huenda yuko ng'ambo, Mokowe, na ni usiku.

Kliniki, kuhusu vile vidonge vyekundu vya chuma, usiulize "vidonge unameza?" Bi yeyote atakujibu ndiyo, kwa adabu. Muulize choo ni cha rangi gani. Chuma hukifanya kiwe cheusi. Kama hakijabadilika, huenda vidonge viko kabatini.

Na vya kabatini vina hatari yake. Mtoto huviona peremende. Chuma kikizidi huchoma tumbo, huharibu ini na kulegeza mishipa, naye huingia kwenye shoku vilevile. Hutapika kwanza, kisha hutulia kwa saa kadhaa, hata akacheza, halafu ndipo huanguka. Mkaa wa dawa haukamati chuma, usipoteze muda nao. Mama yake atakwambia, "Mwanangu ashapona, natutwende zetu." Usimruhusu.