Tangi Langu Halina Sampu, na Tumbawe Limezaa

Juzi nimewasha taa ya tangi langu la kufugia matumbawe ya bahari nikakuta tumbawe langu la nyundo, lililokuwa na kichwa kimoja tangu nilinunue, limegawanyika: vichwa viwili, kila kimoja na mdomo wake. Nilisimama pale mpaka chai ikapoa mkononi. Nikamkumbuka fundi mmoja aliyewahi kuniambia mbele ya watu kwamba kufuga matumbawe bila sampu, yaani tangi la pili la chini la kuchujia maji, ni kutupa pesa. Alicheka. Na mimi nikacheka, nisije nikaonekana nimeumia. Niliumia.

Basi wewe uliyeniandikia kuuliza kama tangi la matumbawe la lita 120 linawezekana bila hiyo sampu ya kufichwa kabatini: linawezekana. Ila ngoja kwanza nikusimulie nilivyoharibu.

Nilianza na filta ya kuning'inia nyuma ya kioo, nikaishindilia sponji nene nikajiona nimemaliza kazi. Baada ya wiki chache nitrati, yaani mabaki ya uchafu uliooza, ikafika miligramu 40 kwa lita. Nilipoitoa ile sponji na kuikamua kwenye ndoo, lilitoka tope zito, harufu ya kinamasi. Kumbe uchafu ulionaswa bado umo majini, unaoza polepole huku maji yakipita juu yake. Siku hizi naweka sponji nyembamba na kuisuuza kila baada ya siku 3. Ukichoka kuisuuza, bora uitoe kabisa.

Chujio lenyewe hasa ni mawe hai, yaani mawe yenye vitundu wanamoishi bakteria. Bakteria walioko juu yake hugeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati. Ndani kabisa, kwenye vitundu visivyofikiwa na oksijeni, wapo wengine wanaoila hiyo nitrati na kuitoa kama gesi. Lakini hawafanyi kazi maji yakilala. Nina pampu mbili za mkondo, kwa pamoja zinasukuma kama lita 2,400 kwa saa, yaani mara 20 ya ujazo wa tangi. Moja nimeielekeza juu, kwa sababu bila sampu hakuna mahali pa maji ya juu kumwagikia, na utando wa mafuta hutanda pale na kuzuia hewa.

Skima, chombo cha kutoa uchafu kwa povu, nayo ni ya kuning'inia. Povu lake hubeba protini kabla hazijaoza, na kikombe chake kinanuka, usikimwage jikoni. Kina cha maji kikishuka kidogo tu, inaacha kutoa povu. Hapo ndipo lilipo kosa linaloniuma mpaka leo.

Maji hukauka, chumvi haikauki. Mimi, kwa akili zangu, nilikuwa naongezea maji ya chumvi: si tangi la bahari? Kipimo cha chumvi kikapanda kutoka 1.025 mpaka 1.030. Tumbawe langu la kwanza likajikunja, siku ya tatu nyama ikaanza kubanduka kwenye mfupa vipande vipande. Nilimlaumu aliyeniuzia wiki nzima. Tangu hapo nimebandika utepe kwenye kioo, na kila asubuhi naongeza maji matamu yaliyochujwa kwa osmosi ya kinyume, yasiyo na chumvi, mpaka kwenye alama. Kila asubuhi. Hata nikiwa na homa.

Na hapa niseme wazi: wengi mnapenda kununua kuliko kuhudumia. Mnajaza samaki 8 kisha mnauliza filta gani ina nguvu zaidi. Mimi nina samaki wawili, nawalisha kiasi wanachomaliza, na kila Jumamosi nabadilisha lita 12 za maji. Ndoo na mpira wa maji, basi. Sponji usiisahau, nimeshasema. Mambo haya hayana raha ya kupigia picha, najua.

Ingawa picha ya vile vichwa viwili nilimtumia yule fundi. Ameiona, hajajibu.

Kwako uliyeuliza: kabla hujanunua skima ya kuning'inia, pima unene wa kioo pamoja na fremu yake ya juu. Yangu ya kwanza haikuingia.